Udongo wa Taratibu

"Kinyonga hakosi mayai, hukosa udongo." Mmemsikia baba yenu akimwambia hivyo fundi cherehani aliyemrudisha dada yenu nyumbani akisema hafundishiki kazi, mkaja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Yametoka humu humu, katika nyumba hii, mwaka niliokuja kuolewa. Ilikuwa hivi.

Mama mkwe wangu, Bi Hadia, alikuwa na kinyonga. Alimwokota shambani siku walipokuwa wakichoma majani, mguu mmoja umeungua, akamleta ndani na kumuuguza mpaka akapona. Akampa jina, Taratibu. Majirani hawakupenda, na wengine walikataa hata kuingia kunywa kahawa, maana huku kwetu kinyonga huogopwa. Bi Hadia hakujali. Alikuwa mjane, mwanawe wa pekee alikuwa dereva wa lori, na Taratibu alikaa dirishani kwenye tawi la mti wa kahawa akila nzi na kusikiliza mazungumzo yake.

Mwezi niliofika, mume wangu aliisakafia nyumba yote kwa saruji. Watu walikuja kuitazama. Bi Hadia akawa anaipiga deki kila asubuhi, kisha anafunga mlango ili kuku wasiichafue.

Hazikupita miezi mingi, Taratibu akabadilika. Aliacha kula. Tumbo likavimba, rangi ikawa nyeusi, macho yakazama. Akawa anashuka kwenye tawi, jambo ambalo hakuwa akilifanya, na kutembea sakafuni akikwaruza kwa kucha huku na huku. Mara mbili alifika mlangoni. Mara mbili Bi Hadia alimwinua na kumrudisha dirishani.

"Nje kuna kuku, mama," alimwambia. "Wataku­donoa."

Siku ya nne hakuweza tena kushika tawi. Jirani yetu Mama Shehoza alichungulia, akasema tumtupe migombani. Bi Hadia alimlaza Taratibu kwenye kanga, tukashuka mimi na yeye hadi kwa bwana mifugo, kijana aliyeitwa Shekiondo.

"Mimi ni wa ng'ombe na mbuzi, shangazi," alisema. Hata hivyo alinawa mikono, akampapasa Taratibu tumbo kwa kidole kimoja, polepole.

"Ni ugonjwa gani?" Bi Hadia aliuliza.

"Hebu gusa hapa. Yamejaa kama maharage mfukoni. Ni mayai."

"Mayai? Mwaka mzima yuko peke yake, hana dume."

"Kwani kuku asiye na jogoo hatagi?"

"Basi mbona huyu hatagi?"

"Atage wapi? Kinyonga huyu huchimba shimo, akataga, akafukia. Kwako chini kuna nini?"

"Saruji," nilijibu mimi.

"Basi anayazuia. Akiendelea kuyazuia, yatamuua."

Akatuagiza tujaze ndoo udongo wenye mchanga, uwe na unyevu wa kushikana ukiufinya. Tumwekee humo, tumdondoshee maji mdomoni, tumfunike kwa kitambaa chepesi, wala tusimchungulie.

Tulirudi nusu tukikimbia. Ndoo ilipokuwa tayari, Bi Hadia aliketi ameipa mgongo. "Nilimrudisha mara mbili," alisema. "Kwa mikono yangu hii."

Kutwa nzima kimya. Kesho yake asubuhi tukasikia udongo ukichakurwa. Alasiri sauti ilipokoma, Bi Hadia alifunua kitambaa. Taratibu alikuwa juu ya udongo, mwembamba kama ukamba, mchanga mwili mzima, na kijani kimeanza kumrudia. Chini tulikuta mayai thelathini na moja. Alikunywa maji tone kwa tone, kisha akanasa panzi. Bi Hadia alicheka mpaka machozi yakamtoka, akamwita Mama Shehoza aje aone. Mama Shehoza aliishia mlangoni, lakini naye alicheka.

Shekiondo alipopita kumjulia hali mgonjwa, alisema, "Unaona, shangazi? Hakukosa mayai. Alikosa udongo."

Bi Hadia alikuwa akinitazama mimi. Miezi mitatu nilikuwa nimekaa ndani ya nyumba ile, na kijiji kizima kilisema mwanawe ameoa mvivu, asiyejua kulima wala kusuka.

"Mwanangu," alisema, "kwenu Upareni ulikuwa ukifanya nini?"

"Nilikuwa nafinyanga vyungu, mama."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza, mama. Na huku sijui udongo wake uko wapi."

Asubuhi yake alibeba jembe mwenyewe, akanitangulia kuteremka bondeni. Tulichimba sehemu tatu ndipo tukaupata. Chungu changu cha kwanza kilipasuka motoni. Cha pili kikatoka kizima.

Wanawake wa sokoni walipoviona vyungu vyangu, walimuuliza Bi Hadia siku zote hizo alimficha wapi mfinyanzi huyu. Naye akawajibu, "Msimcheke mtu kabla hamjatazama mmemweka wapi. Kinyonga hakosi mayai, hukosa udongo."