Skafu ya Bwana Chui

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata bibi yangu hakuziona ila alisimuliwa na bibi yake, kulikuwa na mlima wenye ukungu asubuhi na jioni. Sogeeni karibu. Na wewe uliye mlangoni, rudishia mlango, maana hadithi hii ni ya baridi na sitaki kuisimulia huku natetemeka.

Wanyama wa mlima ule waliishi kama tunavyoishi sisi. Walikuwa na nyumba, walikuwa na majiko, walikuwa na majirani wa kugombana nao. Huko aliishi Pimbi. Mnamjua pimbi? Mnyama mdogo wa majabalini, hana mkia, hana pembe, ukimtazama unasema huyu kaumbwa udongo ukiwa umekwisha. Lakini alikuwa fundi wa kufuma, tena fundi hasa. Sindano zake zilikuwa miiba ya Nungunungu, na uzi wake ulitoka mgongoni kwa jirani yake, Mama Kondoo.

Kufuma hakufundishwa na mtu. Alichokiona ndicho alichokifuma. Kuku akipita kwenye majivu, Pimbi anazitazama zile nyayo, na baada ya siku chache Nyani anatembea na kofia yenye nyayo za kuku pembeni. Mvua ikichirizika ukutani, Digidigi anapata soksi za michirizi, nne, maana miguu yake ni minne. Nyati alifumiwa vifuniko vya masikio vyenye mistari ya mkeka wa Pimbi mwenyewe, na alivipenda hata akawa havivui akilala.

Sasa, mlimani humo alikuwamo pia Bwana Chui. Aliwahi kunaswa na mtego, na kamba ikamla shingo. Manyoya hayakuota tena. Palibaki kovu, jeupe, limezunguka shingo nzima, na upepo ukivuma, baridi ilimwanzia hapo hapo.

Siku moja wanyama wakiwa wanateka maji, Bwana Chui akaja. Akamwambia Mama Kondoo, kwa adabu zote, kama mtu anayeagiza mboga, kwamba kipupwe kikiingia atakuja kumchukua Tunu. Ngozi ataivaa shingoni, nyama itakwenda inakokwenda nyama. Tunu alikuwa mwana wa pekee wa Mama Kondoo. Ndugu zake wote walikufa kwa baridi wangali wachanga.

Nyati, na pembe zake zote zile, akainamia majani. Nyani akakumbuka kwamba ameacha chungu motoni. Mnawajua watu wa namna hiyo, msijifanye hamwajui.

Mama Kondoo alikwenda kwa Pimbi akilia. Pimbi akampakulia uji, akamwacha anywe kwanza. Kisha akamwomba sufu. Mama Kondoo akauliza sufu ya nani, Pimbi akasema ya kumfumia Bwana Chui skafu. Bakuli likatuliwa chini.

"Pimbi, sufu ya mgongoni kwangu nimpambie atakayemla mwanangu?"

"Nipe, mwenzangu. Nikikosea, mimi ndiye nitakayetangulia kuliwa."

Alimpa. Alimpa huku machozi yakimtoka, na alipoondoka hakuaga.

Pimbi akaenda pangoni kwa Chui, moyo unamdunda, du, du, du. Akamweleza kwamba ngozi mbichi inanuka, kisha inaingia funza, kisha inakauka na kuwa ngumu. Bwana mkubwa mzima atembee ananuka? Afadhali skafu ya sufu, laini, yenye joto. Chui akasimamisha masikio. Akasema vema, lakini aitaka ya madoadoa kama yake, ili mtu asijue shingo inaishia wapi na sufu inaanzia wapi. Na Tunu atamla vilevile, maana skafu ni ya shingo, na tumbo nalo lina haki yake.

Hapo Pimbi alikwama. Akifuma madoadoa, Chui atajificha majanini vizuri kuliko zamani, na damu ya Tunu itakuwa mikononi mwake. Akasema basi, kwanza wakunje uzi, na Bwana Chui amsaidie kushika.

Mnajua kukunja uzi? Uzi ukiwa bado fungu kubwa la duara, mmoja ananyoosha mikono miwili, fungu linakaa katikati, na mwenzake anazungusha donge. Anayeshika haruhusiwi kujikuna wala kusinzia. Na akiwa ni wa ukoo wa paka, ole wake atoe kucha, maana uzi utajifunga mafundo ya kufunguliwa hadi mwaka kesho. Basi Chui alikaa, mikono mbele, kama mtoto aliyeambiwa aonyeshe kama amenawa.

Na mtu akikaa hivyo, mikono ina kazi, mdomo hauna, atazungumza tu. Chui akaanza kusimulia habari za ule mtego. Jinsi alivyoning'inia mpaka asubuhi. Jinsi waliopita walivyocheka, na hakuna aliyesimama. Akasema siku hizi akipita mahali husikia kicheko hata pasipo na mtu.

Pimbi aliacha kukunja. Nawaambia kweli, alimhurumia. Alimhurumia na bado alimkumbuka Tunu, maana moyo una nafasi ya yote mawili.

"Bwana Chui," akasema, "madoadoa unayo mwili mzima. Nani aliyewahi kuyasifu?"

Chui akafikiri. "Wakiniona huwa hawakai."

"Ni kwa sababu wanakuona umeshafika. Wangekuona ungali mbali, wangepata nafasi ya kukusifu."

Uzi ukabaki umetulia mikononi mwa Chui. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, ni rangi gani inayoonekana mbali. Pimbi akamtajia wekundu wa kilemba cha jogoo, na juu yake maua ya maboga, ya manjano, yaliyokunjuka asubuhi. Chui akasema basi iwe hiyo. Akachagua mwenyewe, kwa mdomo wake.

Pimbi akachemsha magome kupata wekundu, akachemsha manjano kupata maua. Akafuma, kacha kacha, kacha kacha, mpaka vidole vikavimba. Skafu ilipotimia alimzungushia Chui shingoni, akaziunganisha ncha zake pale pale, kitanzi kwa kitanzi, hata mshono usionekane. Wakati wote huo pumzi ya Chui ilimpiga usoni, inanuka nyama ya jana. Chui akauliza inafunguliwa wapi. Pimbi akamjibu kwamba baridi haina siku ya mapumziko, kufungua kwa nini?

Chui akaenda kujitazama kwenye maji ya dimbwi. Akageuka huku, akageuka huku. Kovu halikuonekana hata kidogo. Mnyama mzima akasahau kushukuru.

Kipupwe kikaingia. Asubuhi moja Bwana Chui akaenda kumfuata Tunu. Alinyata kama mama yake alivyomfundisha, tumbo chini, jani halitikisiki. Mwili wote ulipotea majanini. Ila juu ya majani ilionekana skafu nyekundu yenye maua ya maboga, inatembea peke yake.

Nyani aliiona akiwa juu ya jiwe. "Bwana Chui, skafu imekupendeza!" akaita, kisha akaingia ndani na kufunga mlango. Nyati akageuka, akatoa hongera, akawapanga ndugu zake, pembe mbele. Mama Kondoo alisikia sifa zile kutoka mbali, akamkokota mwanawe mpaka kwenye ufa wa jabali la Pimbi, ambamo bega la chui haliingii.

Kesho yake Chui alipitia upande wa mtoni. Huko nako alisifiwa. Tena hawakuwa wakimdhihaki, skafu ilikuwa nzuri, nani angesema vingine?

Akafika jabalini kwa Pimbi anatetemeka kwa hasira. "Umenivisha kitu cha kunisaliti!"

Pimbi akajibu kutoka ndani ya ufa. "Ulikichagua mwenyewe, Bwana Chui. Kama hukitaki, kikate. Kucha unazo."

Ni kweli, alikuwa nazo. Akazitoa zote, akaupitisha ukucha mmoja chini ya skafu. Sufu ilikuwa na joto. Upepo wa kileleni ukavuma, ukamzunguka shingo, ukapita zake. Mama Kondoo mle ndani akafumba macho. Uzi mmoja tu ukikatwa, kazi yote inafumuka, na mwanawe hana siku nyingi.

Tunu, ambaye hakuna aliyemweleza lolote, akachungulia katikati ya miguu ya mama yake.

"Mama," akasema, "skafu ya Bwana Chui nzuri."

Chui alisimama pale. Alimtazama yule mtoto, na yule mtoto hakuwa anacheka. Akarudisha kucha ndani, ukucha mmoja baada ya mwingine, taratibu, ili zisikwaruze uzi. Kisha akageuka, akashuka kuelekea mtoni.

Msiniulize alikula nini. Alijifunza kula samaki, na samaki hawana habari za skafu. Kila asubuhi alipopita, mlima mzima ulimwamkia kwa mbali, naye aliitikia, shingo ameinua juu.

Basi jueni hivi, wanangu, halafu mkalale: mwenye nguvu kamba hukata, ila akipendacho humfunga.