Jinamizi la Adhuhuri

Katika mji wa Rasimawe, zama zile ambapo majini walikuwa bado wakipita sokoni na kununua ubani kama watu, alitawala Sultani Ghalibu bin Shadhili, mtu wa heshima na haiba, aliyependa farasi weupe na mikate ya moto. Na kwenye hiyo mikate ndipo nitakapoanzia, kwa kuwa sultani hali mkate bila ya mtu kuamka kuuoka. Mwokaji wake aliitwa Dahmani, naye aliamka kila siku kabla jogoo wa kwanza hajawika, akawasha tanuri, akakanda unga, akaoka, na mikate ikafika kasrini ingali inatoa moshi. Kisha ikifika adhuhuri, watu wengine wakiwa sokoni, yeye alijitupa kitandani apate usingizi kidogo. Kwa miaka tisa hakulala akashiba usingizi hata siku moja, wala hakulalamika, maana alikuwa na mke aitwaye Mwanakheri na binti wa miaka minne aitwaye Yumna, na kwa ajili ya hao wawili hata joto la tanuri aliliona si kitu.

Siku ya msiba Mwanakheri alikwenda kumtazama wifi yake aliyejifungua, akamwachia mumewe mtoto. Dahmani akafunga mlango wa uani kwa komeo, akamlaza Yumna ubavuni pake, na yeye akalala chali. Mtoto hakulala. Alishuka kitandani, akasukuma kinu hadi mlangoni, akapanda juu yake, akafungua komeo, na akatoka kwenda kwenye kisima, ambacho ukingo wake haukumfika mtu mzima magotini.

Hapo macho ya Dahmani yakafunguka. Aliiona dari, aliuona mlango ulio wazi, na alisikia makubadhi madogo ya mwanawe yakiburura uani. Akataka kuinuka asiweze. Kifuani pake palikuwa na kitu kizito kama gunia la unga ulionyeshewa mvua, kisicho na uso wa kutazamika, na mikono yake na miguu yake ilikuwa kama ya mtu mwingine aliyelazwa pale. Akasikia mtoto anaita. Akasikia maji. Na alipokuja kupata nguvu za kuinuka na kukimbia, maji yalikuwa yamekwisha kutulia.

Mwanakheri alilia kama mama yeyote anavyolia, mpaka pale alipomwuliza mumewe ilikuwaje, na mumewe, ambaye hakujua kusema uongo, akamwambia kwamba alikuwa macho na alisikia. Tangu saa ile hakulia tena. Ninasikia uchungu zaidi kulisimulia hilo kuliko habari ya kisima. Alihamia chumba cha pili, akaacha kumwita mumewe Baba Yumna akawa anamwita wewe, na arobaini ya mtoto ilipokwisha akajitanda baibui lake akaenda barazani kwa Sultani kudai talaka.

"Ewe Maulana," akasema mbele ya mawaziri na makadhi, "Mola akurefushie umri. Sikuja kumshitaki mume wangu kwa kulala, maana aliyechoka hulala. Nimekuja kwa sababu amekiri kwa kinywa chake kwamba alimsikia mtoto, na hakuinuka. Mtu wa namna hiyo siwezi kumpikia wala kumfulia, wala kuvuta pumzi pamoja naye chini ya dari moja."

Sultani akamgeukia Dahmani. "Ewe mwokaji wetu, una neno?"

"Ninalo, Maulana, nalo ni dogo. Ni kweli nilisikia, lakini jinamizi alikuwa amenikalia, nami sikuweza kuinua hata kidole. Siombi kusamehewa. Naomba mke wangu aniamini tu, kisha akitaka kuniacha, aniache."

Baraza zima likaangua kicheko, na waziri mmoja mwenye tumbo akauliza ni jinamizi gani huyo anayetembea mchana kweupe. Sultani hakucheka. Akasema, "Baraza hili halipokei shahidi asiyeonekana. Nakupa mwezi mmoja. Usipoleta ushahidi, utatoa talaka."

Alasiri ile ile Dahmani aliitwa kasrini, akaingizwa katika chumba cha kuwekea mazulia, na Sultani akafunga mlango kwa mkono wake mwenyewe, kazi ambayo hakuwahi kuifanya tangu azaliwe, hata komeo likamshinda mara mbili.

"Sikiliza," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi nakuamini. Huyo unayemsema hunijia na mimi, na hunijia mchana. Mimi hulala kitandani pangu na walinzi mia wako mlangoni, nami sina uwezo wa kumfukuza nzi aliyetua usoni."

Dahmani akaanguka miguuni pake. "Maulana, mwambie mke wangu neno hilo. Mwambie yeye peke yake, na nitakuokea mikate maisha yangu yote bila ujira."

"Siwezi," akasema Sultani, na uso wake ukawa wa mtu wa kawaida kabisa. "Nikisema leo, kesho ndugu yangu anayekitamani kiti changu atajua saa ninayokuwa kama maiti. Nitakupa nilicho nacho. Akikukalia, usipigane naye kwa kifua, maana ukikaza naye hukaza. Mwache akae. Vuta pumzi taratibu, na nguvu zako zote zikusanye katika kidole kidogo cha mkono, hicho tu. Kikitikisika kidole, mwili wote hufuata. Na usilale chali."

Dahmani akaenda zake akiwa na dawa mkononi na bila ya shahidi. Alimheshimu Sultani mpaka kufa kwake, lakini mimi ninayesimulia sijamheshimu.

Jinamizi alimrudia mara nyingi mwezi ule, kwa kuwa mwenye huzuni hulala vibaya, na wanaolala vibaya ndio wateja wake. Mara ya kwanza Dahmani alipigana, akashindwa. Mara ya pili alikumbuka kuvuta pumzi, akashindwa kukumbuka kidole. Mara ya nne kidole kilitikisika. Na siku ya ishirini na saba alijilaza chali makusudi, akamngoja, na alipohisi uzito umetua kifuani akaacha mwili wote ulegee, akapeleka roho yake yote kwenye kidole kidogo, akakiinua, akakipinda juu ya kitu kilichokuwa laini kama unga, nacho kilikuwa ukingo wa kanzu ya yule jini.

Ndipo akamwona. Alikuwa na kimo cha mtoto wa miaka saba na uso wa mzee ambaye hajalala miaka elfu.

"Umenishika," akasema Jinamizi, "na sheria yetu ni kwamba anishikaye nimtimizie haja moja. Nina hazina za wafalme walionisahau, nina binti wa mfalme wa majini, mzuri kupita mwezi. Taja."

"Nirudishie Yumna."

Jini akainamisha kichwa. "Hilo liko kwa Mola peke yake. Nami sikujua kwamba palikuwa na mtoto uani. Mimi hukaa ninapokuta mtu aliyechoka."

"Basi njoo ukashuhudie kwa mke wangu."

"Sionekani wala sisikiki, ila kwa yule niliyemkalia."

Dahmani akafahamu maana ya maneno yale, akauachia ukingo wa kanzu kana kwamba umemchoma. "Hapana," akasema. "Yeye hapana."

"Haja yako ipo pale pale," akasema jini. "Ukiniita nitakuja."

Siku mbili nzima Dahmani hakula. Siku ya ishirini na tisa alisimama mlangoni pa chumba cha mkewe, akamweleza mambo yote aliyoambiwa na jini, ila siri ya Sultani, na mwisho akasema kwamba kesho atatoa talaka, kwa kuwa njia iliyobaki hawezi kuifuata.

Mwanakheri alikuwa akikunja nguo za mtoto. "Mwite," akasema.

"Hujui unachokitaka, mke wangu."

"Umeniomba nikuamini. Mwite. Akija, nitajua. Asipokuja, kesho tutakwenda kwa kadhi, na usiniambie tena neno hilo."

Mwanakheri akajilaza chali mpaka usingizi ukamchukua. Ilikuwa adhuhuri. Dahmani akamwita jini, akapatana naye kwamba akae pumzi saba tu, kisha akapiga magoti kando ya kitanda, na akaona macho ya mkewe yakifunguka na kubaki wazi, na shingo ikikaza, na mwili ukitulia kwa utulivu anaoujua yeye.

Mwanakheri alimwona aliyemkalia, akataka kupiga yowe, na yowe halikutoka. Aliiona dari. Aliusikia mji wote, muuza maji akigonga vikombe vyake, mumewe akihesabu pumzi kando yake. Kisha kule uchochoroni mtoto wa jirani akajikwaa, akaanguka, akaita mama yake. Akamwita tena. Na Mwanakheri, ambaye hajawahi kusikia mtoto wa mtu akilia asiinuke, aliuamuru mguu wake ukakataa, akauamuru mkono ukakataa, na kitu pekee kilichomtii kilikuwa machozi, yakamtoka yakaingia masikioni.

Pumzi zilikuwa tatu tu. "Inatosha," akasema Dahmani. "Ondoka." Na jini akaondoka, na haja ikawa imekwisha.

Mwanakheri aliinuka akatoka mbio uchochoroni, akamkuta yule mtoto amekwisha kubebwa na mama yake na anatafuna kipande cha muwa. Akarudi ndani.

Asubuhi yake walisimama barazani, na Mwanakheri akasema, "Maulana, dai langu nimeliondoa. Mume wangu hakuweza. Nami nalikaliwa jana, mchana kweupe, na anayetaka kucheka na acheke." Hakucheka mtu. Askari mmoja mlangoni akainamisha kichwa, na mama mtu mzima aliyekuja kwa kesi ya ukuta akasema kwa sauti ndogo kwamba na yeye pia. Sultani akatazama zulia. Akatoa amri visima vyote vya mji vijengewe ukuta kwa mali yake, akafunga baraza mapema.

Wakatoka, wakashika njia ya nyumbani, na walipofika penye wauza mboga Mwanakheri akasimama.

"Baba Yumna," akasema, "siku ile aliita nini?"

Dahmani alikuwa amelificha neno lile tangu siku ya kisima, akakubali kuchukiwa kuliko kulitoa.

"Alikuita wewe," akasema. "Aliita, Mama. Nami nilimwitikia, Mwanakheri. Nilimwitikia kwa niaba yako, ila midomo haikufunguka."

Mwanakheri akaketi chini pale pale njiani, watu wakipita na vikapu vyao, na Dahmani akaketi naye, wakalia pamoja kilio ambacho walikuwa hawajakilia.

Hekaya imefika hapa, na hazina na binti wa mfalme wa majini vilibaki kwa wenyewe. Enyi mnaosikiliza, mkimwona mtu amelala, macho wazi na machozi yanamtoka, msimwulize wala msimhukumu. Mguseni.