Barua ya Mzee Mbonea

"Msomaji akitua, msikiaji huzama." Mmemsikia bibi yenu akinitupia methali hiyo mezani mbele ya wageni, nanyi mnauliza ilitoka wapi. Ilianza hivi, wajukuu zangu, na chanzo chake ni mimi na ujinga wangu.

Nilikuwa mwalimu wa Kiingereza huku Upareni, kijana mwenye majivuno. Nilifundisha kwamba kielezi kikifungua sentensi ya Kiingereza hufuatwa na mkato, na kwenye mkato msomaji hupumzika, ahesabu hadi tatu kimoyomoyo. Asiyepumzika nilimrudisha mwanzo, hata mara kumi.

Mwaka huo Elineema, mwana pekee wa Mzee Mbonea, alipasuliwa mguu katika hospitali ya mjini. Barua za hospitali wakati ule zilikuja kwa Kiingereza, basi mzee, ambaye alikuwa mgonjwa wa moyo siku nyingi, akaniletea yake darasani. Ningeweza kuipitia kwanza kimya. Lakini wanafunzi walikuwa wakitazama, nami nilitaka wanisikie. Nikaisoma kwa sauti, nikifasiri papo hapo.

"Kwa bahati mbaya," nikasema, nikatua kwenye mkato.

Mzee akashika ukingo wa dawati. "Mwalimu, mwanangu amekufa?"

Sikupenda kukatizwa katikati ya sentensi. Nikamwinulia kidole angoje, kama mtoto wa darasa la nne. Alikuwa mtu wa adabu, akangoja. Nilipofungua kinywa nimalizie, alikuwa ameshaanguka, na hakuamka tena.

Sentensi iliendelea kusema kwamba kidonda kimechelewa kupona, kwa hiyo kijana angerudi nyumbani baada ya wiki moja zaidi.

Alirudi kwa magongo, akakuta kaburi bichi. Hakunigombeza. Alikuja kwangu akaniomba niitoe ile barua, nimsomee kama nilivyomsomea baba yake. Sikuweza. Niliisoma yote kwa pumzi moja, machozi yakinitoka, nisitue popote.

"Kumbe unaweza," akasema Elineema. Akaichukua barua, akaenda zake.

Tangu hapo kijiji kizima kikawa kinasema, nami sina la kujitetea: msomaji akitua, msikiaji huzama.