Kengele ya Ngamia wa Mwisho

Wakati huo kengele ilikuwa inafungwa kwa ngamia wa mbele. Anayeongoza ndiye aliyekuwa anapigiwa mlio, kama bwana harusi. Ngamia wa mwisho hakuwa na kitu shingoni, na mtu wa mwisho alikuwa anakula vumbi tu na kunyamaza. Na hii Chalbi mnayoiona, nyeupe kama unga uliomwagika, ilikuwa udongo wa kawaida. Chumvi haikuwepo hata ya kuweka kwa yai. Sasa kaeni hapo kwa kivuli cha mizigo, mnywe maji. Huyu kijana wa saa kubwa ameuliza kwa nini kengele yetu iko huko nyuma, na mimi nikiulizwa kitu huwa najibu mpaka mtu ajute.

Nyinyi mmekuja huku kukimbia jangwani kwa kupenda. Hiyo bado sijaielewa. Mimi shule niliacha darasa la nne, kwa sababu nilikuwa nimemaliza kila kitu mwalimu alichokuwa nacho, lakini hata mimi najua mtu anakimbia kama kuna kitu nyuma yake, ama kuna kitu mbele yake. Babu ya babu yangu, Elema, siku hiyo alikimbia kuliko nyinyi wote mkiunganishwa, na hakuwa na viatu vya rangi ya limau.

Visima vya nyumbani vilikuwa vimekauka. Vilikauka hivi kwamba vyura walikuja kwa watu kuomba. Elema akachukua ngamia wote wa ukoo kwenda kuchota maji kwenye chemchemi ile yenye miti ya mikoma, mwendo wa siku mbili. Nyumbani alimwacha mama yake, mzee Qabale, na binti yake mdogo Talaso, ambaye alikuwa bado anatambaa. Akawaachia maji ya siku sita. Siku mbili kwenda, siku moja kuchota, siku mbili kurudi. Hesabu hiyo hata mimi niliifikia shuleni: inabaki siku moja ya bahati mbaya.

Ngamia walikuwa elfu tisa, na hapo nimewapunguza ndio msiniite mwongo. Kila mmoja alifungwa kamba kwa mkia wa aliye mbele yake. Msafara ulikuwa mrefu mpaka wa mbele wakiwa wanakunywa kwenye chemchemi, wa nyuma walikuwa bado wanaagana na majirani. Mbele kabisa alitembea Elema, ameshika kamba ya ngamia wa kengele. Nyuma kabisa alitembea mke wake, Tume, kwa sababu mwisho wa msafara unataka mtu mwenye macho. Na mbele ya Tume, wa pili kutoka mwisho, alikuwa jike mmoja wa kukamuliwa maziwa ya safari. Ndama wake alikuwa ameachwa nyumbani.

Kwenda walienda vizuri, wakachota vizuri. Kosa lilianza kwa kurudi, na lilianza kwa shavu.

Elema alikuwa na ufundi wake wa kuongoza. Hakuangalia jua, hakuangalia mlima. Alisema hizo ni kazi za watu wasiojiamini. Upepo wa Chalbi unatoka upande mmoja siku zote, basi yeye kwenda aliuweka shavu la kulia, kurudi aliuweka shavu la kushoto, akafumba macho akaanza kuimba majina ya ngamia wake. Na kweli miaka yote alifika. Mtu akifika mara nyingi kwa njia ya kijinga, huwezi tena kumwambia kitu.

Siku hiyo likapanda vumbi. Si vumbi hili la kuchafua kamera zenu. Vumbi la kuhamisha ndevu za mtu kuzipeleka kwa jirani. Jua likapotea. Mlima Kulal, na ukubwa wake wote ule, ukapotea. Watu wa katikati wakawa wanaona mkia ulio mbele yao basi, na mtu akiangalia mkia siku nzima, akili yake inakuwa fupi kama ule mkia. Ndani ya vumbi hilo, upepo ukaanza kugeuka. Haukugeuka kwa ghafla, hapana, hata mtoto angejua. Uligeuka polepole, kama mgonjwa anayejigeuza kitandani. Elema naye akageuka nao. Shavu la kushoto, shavu la kushoto, anaimba.

Huko nyuma yule jike akaanza kuvuta kwenda kulia. Alilia, akavuta, kamba ikakaza. Tume akamchapa kidogo kwa fimbo.

"Fuata mstari, mama," akamwambia. "Hata mimi nina mtoto nyumbani."

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo watu wote huchanganyikiwa, na mimi pia huwa nachanganyikiwa nikifika. Elema alizunguka na upepo mpaka mduara ukakamilika. Kichwa cha msafara kikafika kwenye mkia wa msafara. Elema akafumbua macho, akaona ndani ya vumbi makalio ya ngamia. Mbele yake! Yeye, ambaye hajawahi kuona makalio ya ngamia wa mtu mwingine tangu azaliwe!

"Kuna msafara umetupita!" akapiga kelele. "Kazeni mwendo! Hao wanakimbilia visima vyetu!"

Na Tume kule mwisho, ambaye alikuwa amezoea nyuma yake kuwe na upepo peke yake, akageuka, akaona vichwa vya ngamia vinakuja kwa kasi, na mtu mkubwa mwenye fimbo, mweupe kwa vumbi kama maiti.

"Wezi!" akasema moyoni. "Wameona maji." Akamchapa ngamia wa mwisho, wa mwisho akamsukuma jike, jike akamsukuma wa mbele yake, na habari ikaenda hivyo mkia kwa mkia mpaka ikamfikia Elema kutoka nyuma kwamba watu wa mwisho wanafukuzwa. Elema akasema hiyo ndiyo sababu zaidi ya kukimbia.

Basi wakakimbia. Yeye anamfukuza mke wake, mke wake anamkimbia, na kila mmoja akiongeza mwendo mwenzake anaongeza, kwa sababu ni msafara mmoja. Siku nne! Wengine wa ukoo husema saba, lakini hao ni watu wa kuongeza chumvi. Walikimbia mpaka vivuli vyao vikaachwa nyuma, vikafika kesho yake vikiwa vimechoka. Na jasho lao! Jasho la ngamia elfu tisa na watu wao lilimwagika pale katikati ya mduara likakauka, na ndiyo hii chumvi mnayokanyaga. Onja. Onja, usiogope. Huyo ni mjomba wangu.

Lakini kukimbia kunataka maji. Walikunywa mbio mbio, wakamwaga nusu. Kila walipopumzika kidogo, vibuyu viliisha. Na nyumbani ile siku moja ya bahati mbaya ilikuwa inaliwa polepole.

Ili mzigo upungue, Tume akaanza kutupa vitu. Akatupa mkeka. Akatupa kigoda. Akatupa kibuyu cha maziwa chenye alama za moto alizozichora mama mkwe wake. Maji hakutupa hata tone. Na vitu vile vikawa vinamfikia Elema, anaviokota akikimbia, anaviangalia, anashangaa.

"Hawa watu ni wezi wa ajabu," akamwambia mtu wa nyuma yake, Wario, kaka yake mdogo. "Wameiga mpaka alama za mama. Angalia. Na yule ngamia wao wa mwisho ana chapa yetu pajani."

"Labda ni wetu," akasema Wario.

"Wetu wako nyuma yangu."

"Labda tumewapata."

"Nimewapataje na nimewaacha nyuma? Wewe Wario, jua limekuingia. Kimbia."

Wario akakimbia. Alikuwa amesema kweli, lakini alikuwa mdogo kwa mwaka mmoja, na huko kwetu mwaka mmoja ni mlima.

Siku ya nne upepo ukakatika. Kukawa kimya, kimya cha kusikia mbu akifikiria. Vumbi lilikuwa bado limesimama hewani, halijui pa kwenda. Na katika kimya hicho, Tume akasikia nyuma yake mlio. Kok, kok-ko. Kok, kok-ko.

Ile ilikuwa kengele aliyoichonga yeye mwenyewe kwa mti, kwa mikono yake, mwaka alioolewa, na kisu kiliteleza kikaipasua kidogo mdomoni. Ndiyo maana ilikuwa inasema ko mara ya tatu badala ya kok. Kengele ya pili kama hiyo haipo duniani. Na kengele hiyo ilikuwa shingoni mwa ngamia wa mume wake, mbele kabisa. Sasa iko nyuma, kwa wezi.

"Wamemuua Baba Talaso," akasema.

Hakulia. Alijifunga shuka kiunoni, akamwachia ngamia wa mwisho aendelee, akageuka peke yake na fimbo kungojea jeshi zima. Mtu mkubwa mweupe akatokea kwenye vumbi akihema, na kigoda kwapani.

"Simama hapo, mwizi!" Tume akapaza sauti.

"Mwizi ni wewe! Hao ngamia ni wa Elema!"

"Elema umemfanya nini?"

"Nimfanye nini? Elema ni mimi!"

"Elema yuko mbele."

"Ndiyo! Niko mbele!"

"Mbona uko nyuma yangu?"

Elema akafungua mdomo. Mtu ambaye akikohoa simba waliomba msamaha, siku hiyo alisimama na mdomo wazi mpaka vumbi likaingia na kutoka. Akaangalia mbele. Akaangalia nyuma. Tume akaangalia kigoda, ambacho alikikalia kila siku akikamua.

"Hicho ni changu," akasema polepole. "Nimekitupa jana."

"Nimekiokota jana," akasema Elema. Kisha akajaribu kujitetea, maskini. "Basi wewe ndiye umenipita, Mama Talaso. Umekuja mbele yangu."

"Tangu unioe nimekupita lini? Miaka yote nakula vumbi lako."

Hapo ndipo wakaelewa, na kuelewa kulikuwa kubaya kuliko kutoelewa. Wakahesabu vibuyu. Kati ya elfu tisa, kimoja kwa kila ngamia, vilikuwa vimebaki kumi na viwili. Wakahesabu siku. Zilikuwa saba. Maji ya nyumbani yalikuwa yameisha jana yake, na Talaso ni mtoto mchanga, huwezi kumweleza habari za shavu. Na nyumbani kuko wapi? Chini kulikuwa na njia iliyokanyagwa mpaka ikawa shimo, lakini njia hiyo haikuwa na mwanzo wala mwisho. Huyu akasema kule. Yule akasema kule. Elema akalowesha kidole akakiinua, na hakukuwa na upepo wa kukigusa. Akakishusha.

Yule jike akalia.

Tume akamgeukia. Akamwangalia chuchu, zilikuwa zimejaa. Akaangalia shingo, kamba ilikuwa imemchuna pande zote, siku nne kila mahali pa mduara akivuta kuelekea pale pale, kwa ndama wake.

"Nilikuwa nakuchapa," akamwambia. "Ulikuwa unaniambia, na mimi nakuchapa."

Akamfungua. Jike hakungoja salamu. Aliondoka kama mshale, na Tume akampeleka nyuma yake ngamia aliyebeba vile vibuyu, na kwa amri ya Tume hakuna mtu aliyelowesha ulimi. Elema naye akashika mkia wa ngamia kama watu wengine.

Walifika siku ya nane, jua likiwa juu. Jike aliruka ua wa miiba akiwa hewani bado anaita, na ndama akamjibu. Mzee Qabale alikuwa amelala mlangoni, ameweka kitambaa chenye umande mdomoni mwa mtoto. Yeye mwenyewe midomo yake ilikuwa imepasuka kama ardhi hii. Tume akamnywesha Talaso kwanza, kwa matone, kisha mama mkwe. Mzee akanywa, akakaa, akamtafuta mwanawe kwa macho.

"Mmechelewa wapi?"

Elema akaangalia miguu yake. "Tulikuwa tunashindana na msafara fulani, mama. Watu wenye mbio sana."

"Mliwashinda?"

Elema akamwangalia mke wake. Mke wake alikuwa anafungua kengele shingoni mwa ngamia wa mbele, fundo kwa fundo, hana haraka.

"Tulifika pamoja," akasema.

Tume akaichukua ile kengele mbele ya ukoo mzima, akapita ngamia mmoja mmoja mpaka mwisho, akamfungia wa mwisho shingoni. Aliipiga kidole tu, ikalia kok, kok-ko, na Elema akaitikia kwa kichwa.

Kuanzia mchana ule mpaka huu mnaotokwa jasho, msafara wa ukoo wetu hautoki bila kengele mkiani. Ikilia nyuma, tunajua tuko wote. Ikinyamaza, tunasimama. Na wewe kijana wa saa kubwa, kesho kwenye mbio zenu, sisi tukiwa nyuma na mizigo, ukifika katikati ya vumbi, usikie mlio wa kengele hiyo uko mbele yako, na moyo ukuambie kaza mwendo umpite mtu, usikaze. Keti chini, unywe maji, umngojee. Umezunguka kama Elema; ni wewe mwenyewe unakuja.