Meza Iliyopinda ya Kiwira

Meza hungoja, mkono haungoji. Ndivyo mama yenu alivyomwambia kaka yenu Lusajo jana, nanyi mkacheka mkidhani ni maneno ya wacheza puli. Chekeni tu. Mimi ninajua methali hii ilikozaliwa, maana ilitoka kinywani mwangu, na siku hiyo sikuwa na kicheko.

Nilipokuwa msichana, kaka yangu Anyelwisye alifungua kibanda cha puli hapa Kiwira, karibu na soko la ndizi. Meza ilikuwa moja, kitambaa chake cha kijani kimeshonwa mahali pawili. Sakafu ilikuwa ya udongo, na mvua za hapa mnazijua. Mwaka wa kwanza tu, mguu mmoja wa upande wa dirisha ukadidimia. Tangu hapo mpira ukipigwa polepole ulikuwa unapinda njiani na kuelekea dirishani. Wageni walitukana, wenyeji wakazoea.

Aliyeizoea kuliko wote ni Ambakisye, kijana aliyekuwa akipakia ndizi kwenye malori. Nilimpenda, niwafiche nini, nimeshazeeka. Akibakiza mpira mweusi, ule wa kumalizia mchezo, hakulenga shimo. Alilenga katikati ya ukingo wa mwisho, pasipo na kitu, akaniita, "Atupele, tazama." Kisha anaupiga taratibu, mweusi unakwenda zake, unapinda, unatumbukia kwenye shimo la dirishani. Loo! Kibanda kizima kilipiga kelele, lakini yeye alikuwa akinitazama mimi.

Akapata kazi migodini Kitwe, kule Zambia. Siku ya kuondoka aliniambia, "Miaka miwili tu. Nikirudi nitapiga lile la dirishani, halafu siku hiyohiyo naenda kwa baba yako."

Miwili ikapita, ikawa mitano. Barua zikaanza kuchelewa, kisha zikawa fupi. Aliandika kwamba kwenye klabu ya huko wanacheza snuka, meza ndefu kuliko yetu, mashimo membamba, na imenyooka hata mpira hauendi usikotumwa. Nilizisoma barua hizo mpaka zikachanika kwenye mikunjo.

Mwaka wa sita kaka akaleta fundi na pima maji, ainyooshe meza. Nikaketi juu ya mfuko wa saruji, nikakataa kuondoka.

"Atupele, wateja wanatukimbia!"

"Wakimbie. Ambakisye akirudi atapigaje?"

"Na asiporudi?"

Nikazidi kuukalia mfuko. Fundi akafungasha vifaa vyake akaenda. Soko zima likanicheka, na mwaka huo huo nikakataa posa mbili.

Mwaka wa tisa akarudi. Ilikuwa Jumapili, watu wametoka kanisani, nikamwona mlangoni na viatu vya kung'aa na kitambi kidogo. Moyo ulinidunda hata nikaona haya. Habari ikaenea, kibanda kikajaa. Akacheza na kaka. Alikosakosa sana, lakini kaka naye alikuwa mbovu kupindukia, basi mwisho ukabaki mpira mweusi na zamu ikawa ya Ambakisye. Nikasogea pale nilipokuwa nikisimama zamani. Nikangoja aniite.

Hakuniita. Aliinama, akalenga shimo lenyewe, moja kwa moja. Mweusi ukapinda, ukagonga ukingo kabla ya kufika, ukasimama. Akapangusa chaki vidoleni, akacheka.

"Atupele, hii meza imepinda! Miaka yote hii hamkuitengeneza?"

Hakuwa na ubaya, wajukuu zangu. Alikuwa anauliza kweli, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikamwambia, "Meza hungoja, Ambakisye. Mkono haungoji."

Yeye hakuelewa. Wenzetu walielewa, na kabla ya juma kwisha maneno yale yalikuwa yanasemwa sokoni. Baada ya wiki tatu alirudi Kitwe. Kwa baba hakufika.

Fundi akaitwa tena, mguu ukainuliwa, ukamwagiwa saruji. Walipomaliza niliomba fimbo. Nikauweka mweusi palepale, nikalenga pasipo na kitu kama alivyokuwa akilenga yeye. Ulikwenda umenyooka, ukagonga ukingo, ukarudi polepole mpaka mbele yangu. Nililia mbele za watu, na sikujali.

Babu yenu alikuja baadaye, na nilimpenda. Asije mtu akasema vingine. Lakini hata leo nikipita mahali nikasikia mipira ya puli ikigongana, macho huenda yenyewe upande wa dirisha.

Sasa wewe Lusajo, unakwenda Dar, na tangu juzi unatuchosha kutuuliza kama mchumba wako Sekela atakungoja. Atangoja, mbona! Mtoto wa watu atakalia mfuko wa saruji soko lote likimcheka. Habari za Sekela usituulize. Jiulize wewe, siku utakayorudi, kama utakumbuka kumwita. Meza hungoja, mkono haungoji.