Msiba Amefika, Msiba Umefika

Hapo zamani, bibi za bibi zenu walipokuwa bado hawajapewa majina, palikuwa na kijiji cha wakulima wa mpunga kikiitwa Kingwete. Nyumba zilikuwa juu kilimani, mashamba chini bondeni, na mto ulipita kando ya mashamba. Sogeeni basi. Na wewe wa nyuma, acha kutafuna, nisije nikadhani unanijibu.

Watu wa Kingwete hawakuhangaika kutafuta majina. Mtoto alipewa jina la jambo lililotokea siku aliyozaliwa, na mjadala ukaishia hapo. Aliyezaliwa siku ya nzige aliitwa Nzige. Aliyezaliwa wakati wa njaa aliitwa Njaa, na huyo alipokuwa mtu mzima alikuwa na kitambi cha kumzuia kufunga viatu. Alikuwako pia Haraka, maana mama yake hakuwahi kufika nyumbani, akamzaa njiani. Huyo Haraka kila akialikwa mahali, anakuta watu wanakunja mikeka. Jina lingine humkaa mtu kama nguo yake, lingine humkaa kama nguo ya kuazima, na hujui ni lipi mpaka mtu akue.

Siku moja alizaliwa msichana wakati babu yake anazikwa. Wanaume wako makaburini, wanawake wako kwenye kilio, na katikati ya kilio hicho mkwe wa marehemu akashikwa na uchungu. Aliyempokea mtoto alikuwa bibi yake, mjane wa siku ileile. Bibi huyo aliitwa Bi Mwanvita, kwa kuwa alizaliwa wakati wa vita, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba vita vimekwisha. Alimtazama mtoto, akasema, "Huyu ni Msiba." Nani angebishana naye siku ile?

Mwaka uliofuata mto ukahama njia yake, ukala makaburi yote. Kaburi la babu likaenda na mengine. Tangu hapo, mtu akimwambia Bi Mwanvita kwamba jina la mjukuu wake ni zito, yeye hujibu, "Mume wangu hana kaburi. Ana mjukuu."

Msiba akakua. Akawa msichana mcheshi, mwenye mikono ya kazi na mdomo wa kujibu, na ukimwona hivi usingesema kabisa kwamba ndiye Msiba. Lakini jina lilimtangulia kila alikokwenda. Mama yake naye alikuwa na lake ambalo watu walishalisahau, kwa sababu ukishazaa unaitwa kwa mtoto wako. Mama Msiba. Mtu anapita asubuhi, "Hujambo Mama Msiba," na siku yenyewe ndiyo kwanza inaanza.

Katika mazungumzo jina hilo halikuleta shida. Ukisema "Msiba amefika", watu wanajua ni binti. Ukisema "msiba umefika", watu wanajua kuna maiti. Shida ilikuwa bondeni. Mpunga ukikaribia kuiva, kila familia hukaa juu ya dungu lake, ulingo wa miti katikati ya shamba, kuamia ndege wasile mpunga, kuanzia jua linapochomoza. Ukitaka kumwita mtu unapaza sauti, na ukipaza sauti husemi amefika wala umefika. Unaita jina tu.

Basi mwaka mmoja Mama Msiba alisimama mlangoni kwake, pale ukingoni mwa kilima, akamwita bintiye aje ale. "Msibaaa!" Bonde zima likashuka madunguni. Wanawake wakajifunga kanga viunoni, wanaume wakaacha makombeo yao, wakapanda kilima wanalia. Walipofika wakakuta ugali na mlenda. Waliporudi chini, kweleakwelea walikuwa wameshakula, wameshiba, wanasinzia juu ya masuke.

Jumbe Mlawa, mkuu wa kijiji, akapiga marufuku. Jina lile lisipazwe tena bondeni. Tangu siku hiyo Msiba akawa anaitwa "Ee binti", na mabinti wote wakawa wanaitika.

Sasa akatokea kijana, Pazi, mkata miti, akampenda. Msiba naye akampenda, tena bila kuficha. Mahari ikakubaliwa, kila kitu kikawa sawa, isipokuwa Mama Pazi. Yeye alisema, "Binti sina neno naye. Lakini siku ya harusi nitaimbaje? Msiba umeingia nyumbani, pigeni vigelegele? Wahenga walishasema, msiba wa kujitakia hauna kilio. Abadilishe jina, nami nitamfungulia mlango."

Pazi akasema, "Mama, msiba huu mimi nitaukalia matanga maisha yangu yote."

"Hata unavyomtetea unasema utaukalia matanga," mama yake akamjibu. "Hujisikii mwenyewe?"

Lakini kule Kingwete jina halitupwi, hurudishwa. Aliyelitoa ndiye anayelipokea, kwa maji na unga wa mchele, ndipo atoe jingine. Kwa hiyo Msiba akaenda kwa Bi Mwanvita. Bibi alikuwa ameshakuwa mzito wa kusikia, ikabidi Msiba amwambie jambo la moyoni kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu.

"Bibi, nataka nikurudishie jina."

"Nikalizike wapi?" bibi akauliza.

Msiba akalia. Alilia kwa hasira, maana alimpenda bibi yake, na alimpenda Pazi, na hakuona kwa nini apoteze mmoja kwa sababu ya neno ambalo hakulichagua. Alitoka pale ameapa kwamba yeyote atakayemwita kwa jina lile hamwitikii tena, na kweli siku zilizofuata akawa haitiki.

Haya. Ikaja siku moja ya jua kali, bondeni hakuna hata wingu. Watu wote wako madunguni. Msiba yuko shambani kwao chini, na Bi Mwanvita yuko chini zaidi, kwenye dungu la mwisho kabisa, karibu na palipokuwa makaburi. Pazi alikuwa mbali, upande wa juu wa mto, anakata miti. Akasikia ngurumo, akatazama, akaona mto unakuja na miti mizima. Mvua ilikuwa imenyesha milimani huko, Kingwete hawana habari. Pazi akatupa shoka, akakimbia njia ya juu ya kilima mpaka akafika mlangoni kwa Mama Msiba, pumzi imemwishia.

"Mama, maji," akasema. "Maji yanakuja."

Mama Msiba akasimama ukingoni akapaza sauti. "Majiii!"

Sasa nyinyi hamjawahi kuamia ndege. Kwenye jua lile watu hupiga kelele ya maji tangu asubuhi mpaka jioni, waletewe kibuyu. Kutoka bondeni Njaa akajibu, "Hata sisi tuna kiu." Wengine wakacheka, wakaendelea na ndege wao.

Mama Msiba akaita tena, maji, maji, na mara hii hakuna aliyejibu hata kwa mzaha. Chini kule alimwona bintiye kwa mbali, ameinama. Akavuta pumzi, akaita neno ambalo jumbe alilipiga marufuku.

"Msibaaa! Msiba jamani!"

Bonde likanyanyuka. Hakuna aliyebaki. Walishuka, wakajifunga kanga, wakapanda kilima mbio wanalia, hawajui wanamlilia nani.

Wote walikimbia kilio, isipokuwa mtu mmoja. Msiba peke yake alijua kwamba huenda hakuna maiti, huenda anaitwa yeye. Kwanza akakaza shingo, maana alishaapa. Halafu akawaza, mama hawezi kuvunja amri ya jumbe kwa ajili ya ugali. Akiliita jina hili bondeni, basi lipo jambo kubwa kuliko msiba. Akageuka kutazama juu ya mto, kisha akageuka kutazama dungu la mwisho. Bibi yake alikuwa ameketi palepale, anarusha udongo kwa ndege. Hakusikia lolote.

Msiba hakupanda kilima. Alishuka, akambeba bibi mgongoni, bibi anampiga mabegani anauliza ndege ataachiwa nani. Maji yaliwakuta njiani, yakamfika Msiba kiunoni, yakamfika kifuani, na Pazi akashuka akawavuta kwa tawi. Mto ulipita na madungu yote. Mpunga mwingi ulikwenda, lakini watu hapana. Jumbe aliwahesabu, wote wako pale wanahema, machozi ya msiba hewa yangali mashavuni.

Palikuwa na desturi. Mtu aliyeokoa kijiji hupewa neno moja. Analisema mbele ya wote, na likishasemwa halipingwi, si na jumbe, si na mzazi, si na mkwe. Kesho yake Jumbe Mlawa akauliza, neno ni la nani?

Pazi akasimama wa kwanza. "Ni langu. Mimi ndiye niliyeuona mto. Bila mimi Mama Msiba angekuwa anachambua mboga mpaka sasa. Nikipewa neno, nitasema niozwe Msiba na jina lake hivyohivyo, na mama yangu amfungulie mlango." Mama Pazi akajikohoza.

Mama Msiba akasimama. "Ni langu. Mimi ndiye niliyeita. Huyu mkwe wangu alileta habari mpaka mlangoni, mlangoni hakuna aliyekuwa anazama. Bila mimi mngekuwa mnangoja kibuyu."

Njaa akadakia, "Lakini ulivunja amri, ukatutoa machozi bure."

"Nilikuwa namwita mwanangu," Mama Msiba akasema. "Wewe nani alikuita? Nikipewa neno, mwanangu apewe jina jingine. Nimeitwa Mama Msiba kila asubuhi ya Mungu. Nimechoka."

Bi Mwanvita hakusimama. Maji ya jana yalikuwa yamemwingia kifuani, alikuwa anakohoa ndani ya blanketi. "Ni langu," akasema. "Mimi ndiye niliyelitoa. Bila mimi huyu angeitwa jina zuri kama wenzake, na jana mama yake angeita jina zuri, na nyote mngebaki madunguni mnasema, lo, jina zuri lile."

"Na ukipewa neno, bibi, utasema nini?" jumbe akapaza sauti.

"Nipe kwanza," bibi akajibu. "Nikishalipata nitajua la kulifanyia."

Wote wakamgeukia Msiba. Alikuwa amekaa karibu na bibi, amemshikia kikombe. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," akasema. "Mmoja aliuona mto, mmoja aliliita jina, mmoja alilitoa. Mimi nimelibeba tangu siku ya kwanza, na jana nikambeba na aliyenitwisha. Neno ni langu."

"Utasema nini?"

Msiba akafungua mdomo, akamtazama Pazi, akamtazama bibi. "Sijui," akasema, na ilikuwa kweli.

Jumbe akawaambia warudi Ijumaa, atatoa jibu.

Ijumaa haikufika na wote. Alhamisi asubuhi watu walikuwa bondeni wanaokota mpunga uliosalia kwenye tope. Bi Mwanvita alikohoa, akaomba uji, na uji ulipoletwa alikuwa ameshakwenda zake. Mama Msiba akatoka mpaka ukingoni, mikono kichwani, akapaza sauti.

"Msibaaa!"

Chini mtu akainua kichwa. "Anaitwa yule binti," akasema. "Ee binti, mama yako anakuita." Wakainama wakaendelea kuokota.

Mama Msiba akaita mpaka sauti ikakauka. Hakupanda mtu hata mmoja. Msiba aliisikia ile sauti akiwa ndani, amekaa na maiti, akaelewa kwa nini hakuna mtu anayekuja. Ilimuuma kuliko kifo chenyewe. Akafunga kanga kiunoni, akashuka kilima kwa miguu yake, akaanza kupita shamba kwa shamba. Alimfikia Njaa kwanza.

"Msiba umefika," akamwambia.

Njaa akacheka. "Tunakuona umefika, mama. Karibu."

"Sikusema nimefika. Nimesema umefika. Bibi amekufa."

Njaa akaacha kikapu chake kwenye tope. Basi ikawa hivyo mpaka shamba la mwisho. Kila mtu alimuuliza, amefika au umefika, na yeye kila mara akajibu, umefika. Bi Mwanvita alizikwa jua likielekea kuzama, akiwa amechelewa kuliliwa. Haraka peke yake alifika kwa wakati.

Ijumaa jumbe akakaa, nao wakakaa, nafasi moja wazi. Neno ni moja. Akipewa Bi Mwanvita, jina litabaki milele, maana aliyelitoa hayupo na maiti harudishiwi kitu. Akipewa Mama Msiba, jina litaondoka, na kumbukumbu ya babu na ya bibi iondoke nalo. Akipewa Pazi, binti ataolewa leo hii, na kila kijiji kikifiwa wataulizana kwanza, amefika au umefika. Akipewa Msiba mwenyewe, atasema analolijua yeye, na nilipomwacha alikuwa bado hajalijua.

Jumbe Mlawa aliinua mkono kutaka kusema, nami ndipo nilipoondoka pale, nina safari. Mlioketi ni nyinyi. Mmoja aliuona mto, mmoja akaita, mmoja alitoa jina, mmoja alilibeba. Je, nani alistahili lile neno?