Bi Kanga na Vijiti vya Nyegere

Jamani, niseme?

Sema, masikio tunayo!

Ya kweli au ya uongo?

Yoyote, mradi itushibishe!

Basi hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wanasema na kubishana kama sisi, palikuwa na bonde moja liitwalo Mkwamba. Katika bonde hilo aliishi Nyegere, bingwa wa asali.

Siku moja Nyegere alitundika mizinga mitini, kisha akawaita wanyama wote. Akasema, "Ndugu zangu, nyuki wameingia. Atakayenipa kapu la mtama leo, nitampa kijiti nilichokichonga kwa meno yangu. Siku ya kurina, akija na kijiti chake, nitampa kibuyu cha asali. Tumeelewana?"

"Tumeelewana!"

Wakatoa mtama, wakapewa vijiti. Mpaka hapo hakuna ubaya. Mtama kwa asali, kila mtu na kinywa chake.

Lakini siku ya pili Ngiri alikuja amechelewa, vijiti vimekwisha. Akamwambia Digidigi, "Jirani, nipe kimoja chako, nikupe makapu mawili." Digidigi akampa. Kesho yake kijiti kikawa makapu matatu. Wiki iliyofuata kikawa makapu matano. Chini ya mkwaju pakaota soko. Wanyama wakaacha kulima, wakawa wanashinda pale wanaulizana, "Vimefika wapi? Vimefika wapi?"

Siku ya kurina ikafika. Nyegere akarina, akaita, "Njooni na vijiti vyenu mchukue asali!" Mnajua nani alikwenda? Hakwenda mtu. Nani atoe kijiti cha makapu saba apewe kibuyu cha asali? Nyegere akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akainywa mwenyewe. Kisha akachonga vijiti vingine, akaviuza kwa bei ya soko.

Nawaona mnacheka. Chekeni tu.

Sasa, Digidigi alikuwa na mke, na mtoto wao wa kwanza aliitwa Chepe. Mama Chepe akamuuliza mumewe, "Baba Chepe, asali tutailamba lini?"

"Asali?" akasema Digidigi. "Nani anazungumzia asali hapa? Mwanamke wewe umebaki nyuma sana."

Katika bonde hilo hilo aliishi Bi Kanga. Bi Kanga alikuwa ndege wa kushtuka. Jani likianguka, anapiga kelele. Kivuli kikipita, anapiga kelele. Basi kila asubuhi alikuwa anaruka juu ya kichuguu na kulia:

"Vinashuka! Vinashuka! Vijiti vinashuka leo!"

"Umejuaje, Bi Kanga?" wakamuuliza.

"Dalili tatu," akasema. "Ya kwanza, Fisi amenunua, na Fisi hununua kitu kikishanuka. Ya pili, jana msibani kwa Pofu, marehemu hajafukiwa, wenzenu wanaulizana bei ya vijiti. Ya tatu, ukucha wangu wa kushoto unawasha."

Wanyama wakacheka mpaka wakalala chini. Na siku hiyo vijiti vikapanda. Kesho yake akalia tena, "Vinashuka! Vinashuka!" Vikapanda. Siku ya tatu akalia tena. Vikapanda. Mvua zikaja zikaondoka, Bi Kanga analia, vijiti vinapanda.

Asubuhi moja ukaja upepo mkali, ukaangusha mzinga mmoja. Mmoja tu. Lakini waliouona wakakimbia sokoni, na waliowaona wakikimbia nao wakakimbia, na hadi jua la utosi kijiti cha makapu tisa kilikuwa kinauzwa kwa makapu mawili. Wanyama wakashika vichwa.

Kisha Fisi akasema, "Lakini jamani, si Bi Kanga alisema?"

"Alisema!"

"Alisema leo asubuhi, nimesikia kwa masikio yangu!"

Mama Chepe akasema, "Alisema na jana. Alisema na siku ya harusi ya Ngiri. Kuna siku ambayo hakusema?"

"Nyamaza, Mama Chepe," wakamwambia. "Wewe wivu unakusumbua."

Basi wakambeba Bi Kanga juu juu. Wakamjengea kiti juu ya kichuguu, wakamwekea kivuli cha makuti, wakampa jina: Mwonaji. Na yeyote aliyetaka kuulizia vijiti alikuja na bakuli la mtama.

Bi Kanga moyoni mwake alijua kwamba hajui kitu. Usiku wa kuamkia ule upepo alilala fofofo kama wengine. Lakini mtama ulikuwa mtamu, na kiti kilikuwa laini. Akajiambia, "Wakisema naona, mimi ni nani wa kuwabishia?"

Vijiti vikaanza kupanda tena. Makapu matatu, makapu sita, makapu kumi. Wanyama wakaja wamejipanga. "Bi Kanga, tuambie."

Bi Kanga akatazama. Fisi amenunua. Msibani wanaulizana bei. Ukucha unawasha. Dalili zote tatu zimetimia! Akasimama, akapiga mbawa, "Vinashuka! Uzeni vyote!"

Wakauza vyote. Digidigi akauza, Fisi akauza, mbio mbio kama nyumba inaungua. Aliyenunua ni Ngiri, kwa sababu wakati wa tangazo alikuwa amelala shimoni, akaja sokoni hajui kitu.

Mnadhani vilishuka? Vilipanda! Vikafika makapu kumi na tano, vikafika ishirini. Ngiri akawa tajiri. Akavaa shanga kwenye meno, akawa anatembea katikati ya njia.

Wanyama wakaenda kwa Bi Kanga wamevimba. Digidigi akasema, "Bi Kanga, umeniponza! Jirani yangu aliyelala usingizi anavaa shanga, mimi niliyekusikiliza mke wangu ananicheka."

"Dalili zilikuwepo," akasema Bi Kanga.

"Dalili zilikuwepo na vijiti vimepanda! Dalili gani hizo?"

"Zimechelewa njiani," akasema Bi Kanga.

Fisi akasogea karibu, akamwonyesha meno. "Ukituambia tena tuuze, halafu vikapanda, tutakula wewe badala ya mtama."

Bi Kanga akarudi nyuma kitini. Kuanzia siku hiyo akawa haangalii vijiti tena. Akawa anaangalia meno ya Fisi.

Msimu wa tatu vijiti vilipanda mpaka hakuna aliyejua makapu mangapi yatatosha. Wanyama walianza kutoa mbegu. Jamani, mbegu! Mtama wa kupanda shambani, unatolewa kwa ajili ya kijiti. Fisi amenunua. Msibani wanaulizana bei. Ukucha wa Bi Kanga ulikuwa unawasha mpaka anaukwaruza kwenye kiti.

Wakaja. "Bi Kanga, tuambie."

Bi Kanga akamtazama Fisi. Fisi akatabasamu. Bi Kanga akasema, "Zile dalili zilikuwa za zamani. Safari hii mambo ni mengine. Nunueni!"

Wakashangilia! Digidigi akakimbia nyumbani, akavuta kikapu cha mbegu kutoka darini.

Mama Chepe akasimama mlangoni. "Unakwenda wapi na mbegu zetu?"

"Bi Kanga amesema ninunue."

"Twende wote kwa huyo Bi Kanga."

Wakaenda. Mama Chepe hakuleta bakuli la mtama, wala hakupiga magoti. Akasema, "Shikamoo, Bi Kanga."

"Marahaba. Umekuja kuuliza nini?"

"Nimekuja kuuliza swali dogo. Wewe mwenyewe una vijiti vingapi?"

Bi Kanga akakohoa. Akarekebisha mbawa. "Mimi? Mimi ni Mwonaji. Siwezi kuchanganya kazi na biashara."

"Huna hata kimoja?"

"Mimi hulipwa mtama," akasema Bi Kanga.

Mama Chepe akamgeukia mumewe. "Umesikia? Anayekuambia ununue kijiti, yeye anakula mtama wako."

Ingetosha, au siyo? Mimi na ninyi ingetutosha. Lakini Digidigi alikuwa ameshaona shanga za Ngiri, na shanga zilikuwa zinamng'aria machoni. Akasema, "Safari ile nilikusikiliza nikacheleweshwa."

"Safari ile hukunisikiliza mimi, ulimsikiliza yeye!"

"Ni yale yale," akasema Digidigi, akakimbia sokoni na kikapu.

Mama Chepe hakumfuata. Alirudi nyumbani, akachimba shimo nyuma ya jiko. Akang'oa muhogo wote wa shambani, akaukata, akaukausha, akaufukia. Majirani walipopita wakamwambia, "Maskini, unahangaika na mihogo! Ungebadilisha ukapata hata nusu kijiti." Akawajibu, "Asanteni," akaendelea kufukia.

Wiki ikapita, vijiti vikapanda. Wiki nyingine, vikapanda. Digidigi akawa anaingia nyumbani anaimba. Mama Chepe akawa anang'ata ulimi. Mara moja alikaa pembeni ya lile shimo, akajiuliza kama kweli yeye ndiye mjinga wa bonde zima.

Kisha siku moja, siku ya kawaida, hakuna upepo, hakuna wingu, Ngiri aliambiwa na mkewe kwamba wakwe wanakuja na nyumbani hakuna chakula. Ngiri akachukua vijiti vitatu, akaenda sokoni.

"Nani ananipa mtama?"

Hakuna kapu lililosogea.

"Nani ananipa mtama? Nitapunguza."

Wanyama wakatazamana. Mtama nani anao? Wote walikuwa wameshautoa. Kila mmoja alikuwa ameshika vijiti, anamtazama mwenzake aliyeshika vijiti.

"Nitapunguza tena!" akasema Ngiri.

Hapo Fisi akapiga yowe, "Uza!" Wote wakapiga yowe, "Uza! Uza!" Bonde zima linauza, hakuna anayenunua. Kabla jua halijatua, vijiti vilikuwa vya kuchokolea meno. Na mtama? Mtama alikuwa nao Nyegere, na Nyegere alikuwa ameshavuka mlima, kwenda kutundika mizinga kwingine.

Wanyama wakamwendea Bi Kanga. Bi Kanga alipowaona akapanda juu ya kichuguu, akasema haraka haraka, "Nilisema! Nilisema vinashuka! Kumbukeni, mwanzoni kabisa nilisema!"

Wakamvuta chini. Wakamnyonyoa manyoya ya kichwa, moja moja, mpaka kichwa kikabaki uchi na shingo ikawa ya bluu kwa kuvilia damu. Ndiyo maana hadi leo kanga hana manyoya kichwani. Na hadi leo, jani likianguka, bado anapiga kelele. Hakujifunza hata kidogo.

Na hao wengine? Wao ndio wabaya zaidi. Njaa ilipoingia, kila mmoja akawa mwonaji. Fisi amekaa kivulini, mbavu zinahesabika, anasema, "Mimi nilijua. Dalili zilikuwa wazi kabisa."

"Mbona ulinunua?"

"Nilijua, lakini nilikuwa nangoja kidogo."

Digidigi alirudi nyumbani, akaketi nje, hakuthubutu kuingia. Chepe na wadogo zake walikuwa wanalia njaa. Mama Chepe akaenda nyuma ya jiko, akafukua, akapika. Akaleta sahani, akaiweka mbele ya mumewe.

Digidigi akala muhogo na machozi. Mwishowe akauliza, "Mama Chepe, ulijuaje kwamba siku hiyo vitashuka?"

"Sikujua," akasema mkewe. "Ningejua siku, ningekufunga kamba mguuni. Nilijua kwamba vinaweza kushuka na vinaweza kupanda, na kwamba watoto watakula vikishuka na watakula vikipanda."

"Basi hukuwa na dalili yoyote?"

"Dalili zilikuwepo kila siku, Baba Chepe. Zilikuwepo vilipopanda, zilikuwepo viliposhuka. Sogea, na mimi nile."

Basi hadithi hii inatufundisha hivi: kinachopanda bila sababu kitashuka, hilo hata mtoto anaweza kukuambia, lakini siku yake hakuna aijuaye. Anayekutajia siku anataka bakuli lako la mtama. Na anayekuambia baada ya anguko kwamba alijua, mtazame mbavu zake.

Mzigo wa hadithi nimeutua hapa. Mwenye nguvu aubebe, mwenye usingizi auegemee.

Tumeupokea!